Mlango wa Nyuma wa Mtakatifu Ana

Dorothea Rweyemamu hakuumbwa kukubaliana na wenyeviti. Jumuiya ya Wakatoliki wa Kiswahili ya St Marys, magharibi mwa Sydney, imeshabadilisha wenyeviti kadhaa tangu ianzishwe, na kila aliyeachia kiti alimwachia mwenzake wosia uleule: mengine utayaweza, ila yule mama wa Bukoba mwendee kwa adabu. Amevuka miaka sitini. Anafanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee, anakata vitunguu bila kudondosha chozi, na goti lake la kushoto ni la chuma tangu mwaka jana. Daktari alimwambia goti hilo litadumu kuliko yeye mwenyewe. Akajibu kwamba hilo watalitazama.

Jambo lililomgombanisha na mwenyekiti wa sasa ni hija. Kila Jumamosi ya mwisho ya Julai, baridi ikiwa imeshika kwelikweli, jumuiya hupanda treni na basi hadi ng'ambo ya Windsor, kule ambako Sydney inachoka kuwa mji na kuanza kuwa vilima. Wanashuka kwenye geti la shamba la mizabibu. Wanapanda katikati ya mistari ya mizabibu iliyokwisha pukutisha majani, rozari mkononi, nyimbo mdomoni, watoto wakilalamika kwa Kiingereza. Mizabibu ikiisha wanaingia msitu wa mikaratusi, kijia kinapinda na kupanda hadi pumzi ikate, halafu ghafla wanatokea nyuma ya kanisa la mawe, makaburi ya kale yamelizunguka na kengele iko juu. Kanisa la Mtakatifu Ana. Wanaingia kwa mlango wa nyuma, ambao bibi mmoja mtunza kanisa aitwaye Cheryl huwa ameuacha wazi. Wanasali, wanakunywa chai ya Cheryl, wanarudi walikotoka.

Aliyeivumbua njia hiyo ni marehemu mume wa Dorothea, Rweyemamu. Walipofika Australia, yeye na shahada yake ya kilimo, kazi aliyopewa ilikuwa ya kupogoa mizabibu katika shamba hilo. Mchana, wenzake wakila mikate yao wamejikunyata juani, yeye alikuwa akipotelea msituni. Siku moja alirudi nyumbani macho yanang'aa, akamwambia mkewe amepata kanisa. La mawe, juu ya kilima, lina kengele, na lina jina la mtakatifu! Hakuna aliyeuliza zaidi. Kijijini kwao Wakatoliki walikuwa kilimani na Walutheri bondeni, na Walutheri hawakuwa watu wa kuyapa makanisa yao majina ya watakatifu. Kwa mtu wa kule, kanisa la namna hiyo ni letu, na kuuliza ni kama kuuliza ndizi ni chakula au mapambo.

Rweyemamu alimwendea mwenye shamba, wakapeana mikono, na jumuiya ikaruhusiwa kupita. Mwaka wa kwanza zilikwenda familia chache. Baadaye wakajaa. Kisha Rweyemamu akaugua, akafa, na mwili wake ukapelekwa Bukoba, ukazikwa kwenye migomba ya baba yake kama inavyopasa. Hapo ndipo Dorothea alipobaki na shida asiyoitarajia. Hakuwa na kaburi la kupalilia. Kule nyumbani mjane huamka asubuhi na jembe dogo, akang'oa majani, akamgombeza mumewe kwa kumwachia madeni na watoto, akarudi ndani roho imetulia. Hapa St Marys angemgombezea wapi? Kwa hiyo Mtakatifu Ana ndipo pakawa kaburini kwake. Alikuwa akimgombeza Rweyemamu njia nzima msituni, na akifika anamwachia tunda moja la kahawa kwenye ubao wa dirisha.

Sasa tuje kwa mwenyekiti. Benjamin ni mhasibu, mtu wa Songea, shati lake limepigwa pasi hata pale ambapo hapaonekani. Si mtu mbaya. Kosa lake ni moja, anapenda mambo yanyooke. Mwezi Juni alichukua gari lake kwa hiari yake, akaendesha hadi Mtakatifu Ana kuona kama wazee wasioweza kupanda wanaweza kupelekwa kwa gari. Alikuwa na nia njema kabisa, tumpe haki yake. Lakini gari halipiti kwenye mizabibu. Gari linafika kwa mbele, kwa barabara ya lami, na huko mbele kuna kibao kikubwa cheupe ambacho hakuna hujaji aliyewahi kukiona, kwa sababu mahujaji wote waliingia kwa nyuma na kutoka kwa nyuma. Kibao kilisema Kanisa la Kianglikana.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Benjamin aliwakusanya ukumbini, akasimama mbele ya birika la chai, akawaambia.

Kisha Kamande, Mkenya wa Kiambu anayeendesha lori la mikate, akapiga paja lake.

"Manze! Kumbe miaka yote tumekuwa tukiingia kwa neighbour na kujifungulia friji!"

Watu wakacheka hadi chai ikamwagika. Benjamin hakucheka.

"Ndugu zangu, jambo hili ni la aibu," alisema. "Tumekuwa tukifanya hija kwa watu. Padre akisikia, nyuso zetu tutaziweka wapi? Kamati imependekeza tuhamie kwenye lile ziwa la Penrith. Kuna njia ya saruji, tambarare, kuna parking, kuna vyoo, kuna barbecue, na parokia iko jirani. Nimeshamwandikia mwenye shamba la mizabibu kwamba hatutapita tena."

"Umeshamwandikia," Dorothea alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Ndiyo, Mama Brigitha. Ili tusimpotezee nafasi."

"Kabla ya kutuuliza."

"Tunaulizana sasa, mama."

Dorothea akainuka. Goti la chuma huchukua muda kunyooka, na watu walipata nafasi ya kuweka vikombe vyao chini.

"Mimi nimepiga magoti pale mwaka baada ya mwaka," alisema. "Nilipokuwa na mume nilipiga magoti pale, na nilipokuwa sina nilipiga magoti pale. Sijawahi kuona sala yangu ikirudishwa kwa sababu anuani imekosewa. Ziwa ni zuri. Bata wanalipenda. Mimi nitapita alipopita Rweyemamu."

"Mama, kamati—"

"Aliyezikiwa mume mbali ni mimi, si kamati."

Benjamin alijaribu kuligeuza liwe utani. "Mama Brigitha, wahenga walisema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Na Idi yenyewe si sikukuu yetu, mwenyekiti. Au na hiyo umeihamishia ziwani?"

Ukumbi ukalipuka. Na kicheko hicho ndicho kilichoharibu, maana Benjamin, ambaye angeweza kuvumilia kushindwa kwa hoja, hakuweza kuvumilia kuchekwa na Kamande. Akasema neno ambalo hata yeye, naamini, alitamani kulirudisha kabla halijatoka lote.

"Au ni ile damu ya Kilutheri, mama? Bado inakuita?"

Hakuna aliyecheka tena. Wote walijua habari hiyo, maana jumuiya ya watu wa mbali haina siri. Dorothea alizaliwa bondeni. Baba yake alikuwa Mwinjilisti, mtu wa tenzi na mwavuli mweusi, na binti alipotangaza kwamba anaolewa na Mkatoliki wa kilimani, mzee hakupiga kelele. Siku ya harusi alipanda kilima pamoja na binti yake, hatua kwa hatua. Walipofika mlangoni akasimama. "Nimekuja kukusindikiza," alimwambia. "Kuingia sitaingia." Mvua ikanyesha. Misa nzima, ambayo mapadre wa zamani hawakuwa na haraka nayo, mzee alisimama nje chini ya mwavuli. Dorothea alipotoka akiwa mke wa mtu, baba alimpa mkono, akashuka bondeni. Alikufa bila kuuvuka mlango ule, wala mlango wa kanisa jingine lolote ambamo mkwewe alisali.

Tangu siku hiyo Dorothea alikuwa Mkatoliki mzima, si nusu. Rozari anaijua kinyumenyume. Tenzi za baba yake alizifungia mahali, na kama moja ilimponyoka jikoni akiwa peke yake, aliimeza mara tu aliposikia mlango. Kwa hiyo swali la Benjamin lilimchoma pale ambapo hapakuwahi kupona. Aliumia, tena aliumia vibaya, na hakumjibu. Alichukua chupa yake ya chai na kufunga mtandio.

"Jumamosi ya mwisho ya Julai nitakuwa getini," alisema. "Anayetaka ziwa akaogelee."

Jioni ile binti yake, Brigitha, alipiga simu kutoka Kensington, upande wa pili wa mji. Habari, pamoja na ile ya kura iliyopigwa mama alipokwisha kuondoka, zilikuwa zimemfikia kabla mama hajavua viatu. Brigitha anaelewa Kiswahili chote, hata kile cha matusi, ila kukijibu hujibu kwa lugha ya alikokulia.

"Mum, it's over. They voted."

"Kura hazina miguu. Mimi ninayo."

"One of them is metal!"

"Basi hiyo ndiyo haichoki. Inayouma ni ile ya nyama."

Upande wa pili ukavuta pumzi. "Nobody's coming with you. You know that, right?"

Hilo Dorothea alikuwa amelijua tangu ukumbini, alipoona jinsi watu walivyotazama vikombe vyao. Walimpenda, lakini kiongozi ni kiongozi, na Jumamosi ziwani kungekuwa na nyama choma. Kama hatakwenda mtu mwaka huu, mwenye shamba atasahau, kijia kitaota majani, na mwaka ujao hapatakuwa na mahali pa kumgombezea Rweyemamu. Hilo alilijua pia.

"I'll pick you up at the church, then," Brigitha alisema. "From the road side. Please, Mum."

"Njoo. Lakini usije mapema ukanikuta njiani."

Jumamosi ikafika. Dorothea alishuka basi peke yake, mtandio umefungwa kwa ukali, mkoba begani. Ndani ya mkoba mlikuwa na rozari, chupa ya chai na matunda machache ya kahawa aliyotumiwa na wifi yake kutoka Bukoba, yale yanayochemshwa na majani ya harufu nzuri yakakaushwa, ambayo kule kwao mgeni hupewa kutafuna kabla hata ya kuulizwa habari za safari. Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi. Mizabibu ilisimama uchi mlima mzima, mistari na mistari, na chini ya kila mstari vimelala vijiti vilivyokatwa. Ulikuwa msimu wa kupogoa. Kasuku weupe walikuwa wakizomeana juu ya nguzo.

Geti lilikuwa na mnyororo.

Nyuma ya geti palisimama mwanaume wa makamo, mkasi wa kupogolea kiunoni, kofia ya sufu imevutwa hadi masikioni. Nyuma yake, katikati ya mteremko, palikuwa na viti vyeupe vimepangwa, maua, na watu waliovaa vizuri wakitetemeka mbele ya mpiga picha.

Dorothea aliuona uso wake wa Kiafrika, akajaribu Kiswahili. "Hodi hapa."

Mwanaume akashtuka, kisha akatabasamu bila kutaka. "Karibu, mama. Lakini leo hapana njia. Patron ya shamba amesema groupe ya kanisa isipite. Iko mariage hapa. Batu ya kanisa balisema habakuji tena, basi patron akapana shamba kwa bale ya harusi."

Jina lake lilikuwa Bahizire, mtu wa Bukavu, msimamizi wa wapogoaji. Alisema kwa upole, ila ufunguo hakuutoa.

"Aliyesema hatuji si mimi," Dorothea alisema.

"Groupe iko wapi?"

"Kundi ni mimi."

Bahizire akachungulia barabarani nyuma yake, kama anayetazamia basi lililojaa watu litokee. "Wewe moja?"

"Mmoja. Patroni wako amekataza kundi. Amekataza mama mmoja mwenye goti bovu?"

"Mama, nikifungua, ataniuliza huyu ni nani. Nitasema nini? Mi iko na bana ya kulisha." Alisugua mikono. "Niseme uko mama yangu, umeniletea chakula?"

"Siwezi kuwa mama yako kwa uongo, na mimi naelekea kanisani."

Akafungua mkoba, akatoa tunda moja la kahawa, akalipasua kwa kucha. Ndani zilikuwamo punje mbili zimelaliana. Moja akaitia mdomoni mwake, nyingine akaipitisha juu ya mnyororo.

"Kwetu watu wawili wakigawana punje za ganda moja wamekuwa ndugu," alisema. "Ilikuwa hivyo tangu kabla ya mapadre na kabla ya wainjilisti. Na ndugu hafungiwi mlango. Tafuna, halafu patroni akikuuliza, mwambie ni dada yako amepita. Utakuwa umesema kweli."

Bahizire aliitazama punje kiganjani. Alitazama viti vyeupe kule juu. Kisha akaitia mdomoni, akakunja uso kwa uchungu wake, akacheka.

"Ni kali, dada."

"Nami pia."

Akafungua mnyororo. Akamsindikiza mwenyewe kwa mstari wa pembeni kabisa, mbali na maua, akiviondoa vijiti kwa mguu ili asijikwae. Aliomba jambo moja tu, asiimbe. Dorothea alikubali kunyamaza mpaka msituni. "Nanyamaza kwa ajili yako," alimwambia, "si kwa ajili ya patroni." Bibi harusi, mabega wazi katika baridi ile, aliwaona wakipita na kuwapungia mkono. Dorothea alimpungia pia. Harusi haikuwa imemkosea chochote.

Msituni alikuwa peke yake, na hapo kijia kilimwonyesha kwamba mwaka ni mwaka. Maji ya mvua yalikuwa yamekula ngazi za udongo. Magome ya mikaratusi yalikuwa yamelala njiani kama mikeka iliyochanika. Goti la chuma lilipanda vizuri, lile la nyama likadai, mgongo ukaliunga mkono. Mara mbili aliketi kwenye jiwe. Mara ya pili alifikiri juu ya ziwa, saruji yake na vyoo vyake, akajisikia mjinga, na ujinga huo ukampa hasira, na hasira ikamwinua.

"Rweyemamu!" aliita kwa sauti, kasuku wakanyamaza. "Unaniona? Umetuleta hadi kanisa la watu! Msomi mzima, hukuweza kuzunguka mbele ukasoma kibao? Nimeitwa Mlutheri mbele ya birika la chai kwa ajili yako. Na bado nakuja. Sikia hiyo. Bado nakuja!"

Roho ikatulia kidogo. Akapanda.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mbele yake, kwenye meza ndefu chini ya mti, vikombe vilikuwa vimepangwa kama kila mwaka, vingi, vinang'aa, vimefunikwa na kitambaa kisije kikaingia kitu. Hakuna aliyemwandikia Cheryl. Bibi huyo, mweupe, mwembamba, koti lake la mvua kubwa kuliko yeye, alitoka na birika akatazama nyuma ya Dorothea.

"Wengine wako nyuma?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha shambani.

Dorothea angeweza kusema wana mafua. Lakini hakuwa amepanda kilima chote kile aje kusema uongo kileleni.

"Hawaji," alisema. "Wamegundua kwamba ninyi ni Waanglikana. Sisi ni Wakatoliki. Tulikuwa hatujui. Mimi nimejua, na nimekuja. Kama hutaki tusali hapa, niambie sasa, nipumzishe goti, niondoke."

Cheryl aliweka birika chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba maji yana unyevu.

"Mlikuwa hamjui? Mbona mumeo alijua?"

Upepo ulipita makaburini. Dorothea alishika ukingo wa meza.

"Siku ya kwanza kabisa," Cheryl alisema. "Nilikuwa nafagia. Akaingia na mkasi wake kiunoni, akauliza kama hili ni la Wakatoliki. Nikamwambia hapana, samahani, la kwenu liko mjini. Akaketi hata hivyo. Nilikuwa nimeanza kupiga kinanda, najifunza wimbo wa Jumapili. Akasikiliza, akaniomba niurudie. Akasema, wimbo huu mke wangu huuimba jikoni, na nikiingia hunyamaza."

Cheryl akaendelea.

"Akanieleza habari za baba yako na mwavuli. Akasema nyumbani kwake mkewe hana mahali pa kuimba, na yeye hajui jinsi ya kumwambia aimbe. Akaniomba nipige nyimbo hizo siku atakapomleta. Ndiyo maana huwa napiga mkiwa mnakunywa chai. Nilidhani wote mnajua." Akafuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshafutwa. "Wewe huwa unaimba kwa ndani. Nakuona kooni."

Kitu cha kwanza kilichompata Dorothea kilikuwa hasira. Mwongo! Mtu wa kulala naye kitanda kimoja, kumbe anakuzungusha kilima kizima na jumuiya nzima nyuma yako, na rozari zao, na watoto wao, ili wewe usikie wimbo! Kisha hasira hiyo ikamkatikia mikononi, akaketi kwenye benchi la nje akalia, yeye asiyelizwa na vitunguu, na katikati ya kulia akaanza kucheka, maana aliiona akilini sura ya Benjamin akiambiwa haya.

Akatoa simu. Akabonyeza kitufe cha sauti katika kundi la jumuiya, ambako muda ule watu walikuwa wakitumiana picha za nyama choma na bata.

"Mwenyekiti," alisema, "nimefika. Ulisema kweli, si kanisa letu. Rweyemamu alilijua hilo siku ya kwanza, akatuleta hivyo hivyo. Uliniuliza kama damu ya Kilutheri bado inaniita. Sikukujibu. Jibu ni ndiyo. Inaniita, na Mkatoliki mwenzako ndiye aliyenishika mkono akanileta nilikoitwa. Mimi ni wa kilimani na ni wa bondeni, na sitamwomba mtu ruhusa kwa lolote kati ya hayo. Kuna vikombe vingi hapa na chai itapoa. Mwaka ujao, Jumamosi ya mwisho ya Julai, getini. Njoo na viatu."

Akaiachia iende. Akasimama, akaingia kwa mlango wa nyuma.

Ndani palikuwa na baridi na harufu ya nta. Cheryl alimfuata, akaketi kwenye kinanda, akamtazama. Dorothea akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kinanda kikaanza ule wimbo, na safari hii hakuumeza. Aliimba kwa Kihaya, maneno ya baba yake, sauti imekauka na kukwama mahali, akaipandisha kwa nguvu pale ambapo baba yake alikuwa akiipandisha. Ubeti wa kwanza, wa pili, na wa tatu ambao alidhani ameusahau. Aliimba kama anayegombana na mtu.

Brigitha alimkuta hapo. Alikuwa ameingia kwa mbele, kutoka barabarani, amekipita kibao, funguo za gari mkononi. Alisimama katikati ya viti hadi wimbo ukaisha, kwa sababu hajawahi kumsikia mama yake akiimba hivyo, wala hakuijua lugha ya wimbo huo vizuri.

Dorothea hakugeuka. Alikwenda kwenye dirisha lake la kila mwaka, akatoa tunda la mwisho la kahawa mkobani. Miaka yote humwachia Rweyemamu zima. Leo alilipasua, akaiweka punje moja ubaoni, na ya pili akaiweka pembeni yake, zikigusana.

"Mum," Brigitha alinong'ona, "that one's Dad's. Who's the other one for?"

"Ya babu yako," Dorothea alisema. "Mwambie karibu. Ameingia."